Sanduku la Vitabu la Kwenda Nyasa: Riwaya Zipi kwa Kijana, Zipi kwa Mzee?

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, makala hii imezaliwa na sanduku. Sisi wanafunzi tunaotoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa tulichangishana hapa chuoni ili tuwapelekee watu wa nyumbani vitabu vya riwaya. Tulipohesabu fedha tukakuta zinatosha vitabu kumi na viwili, basi. Ugomvi ukaanzia hapo. Wenzangu walitaka vitabu vigawanywe mafungu mawili: sita vya vijana viende shuleni, sita vya watu wazima viende kwa wazee wa kijiji. Mimi nilisimama nikapinga. Nikaulizwa: "Kwa hiyo unataka mtoto wa darasa la sita asome kitabu kimoja na babu yake?" Nikajibu ndiyo, hicho hasa ndicho ninachokitaka. Wakacheka. Nikaahidi kuwaandikia sababu zangu.

Madhumuni ya makala hii, basi, ni kupendekeza riwaya za kupeleka. Lakini kupendekeza vitabu bila kujua wasomaji wamesoma nini huko nyuma ni sawa na kumpikia mgeni bila kumwuliza anakula nini. Kwa hiyo nitapita njia ya historia kwanza. Hoja yangu ni moja: upande wetu ule, ukuta kati ya kitabu cha kijana na kitabu cha mzee haukujengwa na wasomaji wenyewe. Ulijengwa na shule na ofisi. Na kila uliposimama, pande zote mbili zimepata hasara.

KITABU KIMOJA, NYUMBA NZIMA

Kwa wasiokujua kwetu: juu milimani wako Wamatengo na mashamba yao ya ngoro na mikahawa, chini ziwani wako Wanyasa na majirani zao, watu wa muhogo, usipa na mitumbwi. Hadi mwaka 2012 wote walikuwa wilaya moja ya Mbinga, ndipo Wilaya ya Nyasa ikamegwa, makao yake makuu yakawa Mbamba Bay.

Kitabu nacho kiliingia kwa milango miwili. Mlango wa ziwani ulikuwa wa misheni ya Kiingereza ya UMCA, iliyoweka makao kisiwani Likoma mwaka 1885 na kuzunguka mwambao kwa meli zake, kwanza Charles Janson, kisha Chauncy Maples iliyoshushwa majini mwaka 1901. Askidikoni William Percival Johnson alifanya kazi katika mwambao huo kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 1928 na kaburi lake liko Liuli. Misheni hiyo ilifundisha na kuchapa vitabu kwa Chinyanja. Mlango wa milimani ulikuwa wa Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Wao walitumia sana Kiswahili. Milango yote miwili ilileta zaidi vitabu vya dini: katekisimu, sala, Maandiko.

Hadithi za kubuni zilikuja nyuma kidogo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilisambaa kwa walimu na makarani likiwa na habari, mashairi na hadithi. Kisha zikaja tafsiri. Mwaka 1929 zilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na mwaka 1932 Safari za Gulliver. Vyote hivyo vilitafsiriwa na Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930.

Nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba babu yake mama alikuwa mwalimu wa misheni, na kwamba katika maisha yake alimiliki vitabu vitatu: Biblia, kitabu cha sala na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hicho cha tatu ndicho kilichojaza watu uani. Jioni, nyavu zikishaanikwa, mwalimu alileta taa na kiti, akasoma. Wazee walikaa mbele, watoto chini, akina mama nyuma huku wakimenya muhogo. Hakuna aliyeuliza kitabu ni cha umri gani. Mtoto aliyelala alibebwa kwenda ndani. Mzee aliyesinzia aliachwa alipo.

Sasa, mhakiki wa leo atasema: kitabu chenyewe kina kasumba. Ni kweli. Mzungu ndiye shujaa, almasi ndiyo lengo la safari, na mwenyeji, hata akiwa mrithi halali wa ufalme, anahitaji bunduki za wageni ili arudishiwe kiti chake. Sikiweki katika sanduku langu. Lakini tusikidharau kile kikao cha uani. Pale ndipo riwaya ya Kiswahili ilipopata wasomaji wake wa kwanza kwetu, na wasomaji hao walikuwa nyumba nzima.

Badala yake ninaweka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Wanahistoria wa fasihi wengi hukitaja miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika. Mbotela aliandika kutoka Mombasa, katika jamii ya watumwa waliokombolewa na kukalishwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875. Baba yake alikuwa mmoja wao. Lakini ukoo wenyewe ni wa Wayao, watu wa pande za Ziwa Nyasa. Njia ya watumwa ya kutoka ziwani kwenda Kilwa inafahamika. Kwa hiyo mtoto wa Liuli akikifungua kitabu hiki hasomi habari za wageni. Anasoma habari za watu waliochukuliwa karibu na mlango wake. Kitabu kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na walimu wawaambie vijana hivyo waziwazi. Ila kisomwe.

TULIFUNDISHWA KUSOMA, TUKAPEWA MBOLEA

Baada ya Vita Kuu ya Pili riwaya ilianza kuota mizizi yake yenyewe. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Mwaka 1957/58 Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake akaingia katika lugha yetu. Kisha uhuru, kisha Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha kisomo.

Kisomo ni jambo kubwa, tusilipite haraka. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za serikali, walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Bibi yangu ni mmoja wa waliovushwa na mtumbwi huo. Alijifunza chini ya mwembe, mtoto mgongoni, na hadi leo anasoma kwa kufuatisha kidole.

Siku moja nilimwuliza walisoma vitabu gani baada ya kufaulu. Akacheka. "Mjukuu wangu, tulifundishwa kusoma, halafu tukapewa mbolea tusome." Maana yake, vitabu vilivyofika vilihusu kilimo bora, ufugaji wa kuku, usafi wa choo na siasa. Ni mambo mema yote. Lakini mtu mzima aliyetoka jasho miaka miwili ili aijue herufi alistahili pia kitabu cha kumfanya akose usingizi. Hapa ndipo ninapoona ukuta wa kwanza: ofisi iliamua kwamba mtu mzima wa kijijini anasoma ili azalishe, na kwamba hadithi ni mambo ya watoto wa shule.

Basi wasomaji wakajitafutia. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la kahawa kati ya Mbinga na Songea. Elimu yake darasa la saba. Yeye ndiye aliyenionyesha Kufa na Kupona cha Aristablus Elvis Musiba, riwaya ya mwaka 1974 inayomleta mpelelezi Willy Gamba. Nakala yenyewe haikuwa na jalada, wala kurasa mbili tatu za mwisho. Ilikuwa imepita mikononi mwa madereva, wapimaji kahawa na askari mgambo. Mwisho wake mjomba alisimuliwa na dereva mmoja pale Songea, naye akaja kunisimulia mimi. Kumbe dereva naye alikuwa amesimuliwa tu! Miaka kadhaa baadaye nilipopata nakala nzima niligundua kwamba mwisho niliousikia ulikuwa umeongezwa chumvi nyingi.

Hapa chuoni tumezoea kuzitenga riwaya dhati na riwaya pendwa, halafu hizi za pili tukazipuuza: eti hazina falsafa, eti wahusika wake ni bapa. Sikatai kwamba Willy Gamba hapati muda wa kutafakari. Ila naomba tuangalie kazi ambayo riwaya hizi zimefanya. Kisomo kilimpa mjomba wangu herufi. Musiba na Ben Mtobwa walimpa mwendo. Mtu aliyekuwa akisoma sentensi moja kwa dakika alijikuta anafungua ukurasa kabla hajamaliza uliotangulia. Msomaji wa namna hiyo ndiye anayeweza kesho kumsoma Kezilahabi. Asiye na mwendo hafiki ukurasa wa kumi wa kitabu chochote, kiwe dhati kiwe pendwa. Kwa hiyo Mzimu wa Watu wa Kale ninakiweka sandukuni, na Kufa na Kupona ninakiweka, safari hii kikiwa na kurasa zake zote.

Pamoja navyo ninaweka vitabu viwili vinavyomhusu mkulima. Cha kwanza ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Karani anaacha ukarani na kushika jembe. Vijana wa milimani wanaokimbia kahawa kila bei inapoanguka watabishana na Utubora, na huenda wakamwona mtu wa ndoto. Wabishane. Cha pili ni Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1979, kinachoeleza jinsi vijiji vya ujamaa vilivyoingizwa kwa watu wasiovitaka na kwa viongozi wasiovielewa. Mkoa wetu una sababu ya pekee ya kukisoma. Ruvuma ndiko kulikokuwa na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambapo wakulima wa Litowa na vijiji vingine vya Songea walianza kuishi na kulima pamoja kwa hiari yao mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Azimio lenyewe. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Miaka michache baadaye watu walihamishwa kwa amri. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho. Vijana wanayasikia kwa kudokezwa. Kezilahabi aliandika akiwa na Ukerewe kichwani, lakini kitabu chake kikisomwa uani Mbinga, mzee ataongeza sura yake mwenyewe. Je, hiki ni cha kijana au cha mzee? Mimi siwezi kukikata vipande viwili.

KITABU KILICHOKUTWA CHINI YA GODORO

Sasa nifike kwenye kitabu kilicholeta makelele katika kikao chetu: Rosa Mistika.

Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, akiwa kijana. Kilipigwa marufuku mashuleni kwa kuwa kilisema wazi mambo ya mapenzi, mimba na utoaji mimba. Baadaye marufuku ikalegea, na kitabu hichohicho kikawa cha kutahiniwa katika kidato cha tano na cha sita. Tafakari historia hiyo kidogo, msomaji. Riwaya ile ile, maneno yale yale. Jana ni sumu kwa kijana, leo asipoijua anafeli mtihani.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Nakala ilikuwa yangu. Niliandika jina lake ndani ya jalada nikampa. Mwalimu aliikuta chini ya godoro. Binti akasimamishwa mbele ya wenzake, jina likasomwa kwa sauti, baba akaitwa. Alirudi nyumbani wiki mbili. Baba hakusema na mtu. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza: "Hicho kitabu kinasema nini?"

Nikamsomea, usiku tatu. Nilisoma habari za Zakaria, baba mlevi na mkali, anavyompiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana; binti anavyokua bila kujua lolote kuhusu wanaume isipokuwa hofu; anavyofika mbali na mkono wa baba na kupotea vibaya kwa sababu hakuna aliyemfundisha kujilinda ila kwa fimbo. Nilipofika penye mambo mazito niliona haya mbele ya bibi yangu, nikaruka. Bibi akanisimamisha. "Hapo umeruka. Mtu hawezi kutoka jikoni mara yuko katikati ya ziwa. Rudi." Nikarudi. Nikasoma yote, macho yangu chini. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Wa kunyang'anywa ni yule baba, si kitabu."

Nimesoma tahakiki nyingi za Rosa Mistika hapa chuoni, zenye dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Sijaona iliyoufikia ufupi wa bibi. Na angalia: mimi niliyesoma ndiye niliyeogopa, si yeye mzee. Tunapowakinga wazee na vitabu huwa tunajikinga sisi wenyewe.

Lakini nisijidanganye kwamba hadithi iliishia vizuri. Mdogo wangu alirudi shuleni, akamaliza. Ila hakuazima tena kitabu kwa mtu. Anasoma vya mtihani tu, kisha anavifunga. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Ukuta uliojengwa ili kumlinda ulimfundisha kwamba kusoma kwa kupenda ni kosa.

WANAOSOMA LEO

Siku hizi lami imefika Mbamba Bay, na meli ya Mv Mbeya II inafanya safari za ziwani. Simu ziko kila nyumba. Wenzangu wakasema riwaya imepitwa, vijana wanataka video. Mimi naona vijana wanataka kisa. Mwaka 2021 riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, iligeuzwa filamu na Amil Shivji. Kijana aliyeiona filamu atakitaka kitabu, akute Yasmini, msichana aliyeozwa mzee mwenye duka, akikataa maisha aliyopangiwa. Na akimpenda Shafi, asome Kuli cha mwaka 1979, kinachohusu mgomo wa wachukuzi wa bandarini Unguja mwaka 1948. Watu wa Mbamba Bay wanaoijua kazi ya kupakua mizigo hawatahitaji maelezo.

Kwa safari na kutafuta asili, hakuna kinachoshinda Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996: kijana Kongowea anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba Kenya. Kwa wadogo kabisa ninaweka Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, cha mwaka 2008, ambamo mtoto anaizunguka Tanzania kwa miujiza. Na Adili na Nduguze, pamoja na wale ndugu waliogeuzwa manyani. Nakuhakikishia, mzee akikisikia hicho cha pili atauliza kesho kinaendelea saa ngapi.

Cha mwisho ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Yusuf anawekwa rehani kwa tajiri kwa deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara hadi bara, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo sisi tunaijua. Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann palepale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita imeanza, na yule aliyemshambulia alikuwa rafiki yake. Ni kisa cha riwaya hicho, tena kimekaa pwani yetu kinasubiri. Nani ajuaye, pengine atakayekiandika ni mtoto atakayekaa chini uani, akisikiliza Peponi ikisomwa.

HITIMISHO

Orodha yangu, basi, ni hii: Uhuru wa Watumwa, Adili na Nduguze, Mzimu wa Watu wa Kale, Utubora Mkulima, Rosa Mistika, Kufa na Kupona, Gamba la Nyoka, Kuli, Siku Njema, Vuta N'kuvute, Marimba ya Majaliwa na Peponi. Vingine itabidi tuvisake kwa wauza vitabu vya mitumba. Sikuweka vile vya kidato cha tatu na cha nne, kama Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu shule zinavyo.

Sanduku lisigawanywe. Likae kwenye nyumba moja, mtu yeyote achukue, na asiyeweza kusoma asomewe. Mwenye shaka na kitabu fulani asikifiche. Akae akisome pamoja na mtoto wake, kisha wabishane.

Kabla ya kuikabidhi makala hii kwa mhariri nilimpelekea mdogo wangu orodha kwa simu, nikamwuliza kama Rosa ibaki au itoke. Alikaa siku mbili bila kujibu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Ibaki. Ila safari hii usiandike jina la mtu ndani."